Meli au merikebu? Na Mwanza kuna mabaharia?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilipokwenda Mombasa nilitembelea makumbusho ya Fort Jesus, nikaona vitu vilivyoopolewa kwenye meli ya Wareno, Santo Antonio de Tanná, iliyozama hapo mwaka 1697. Binamu yangu wa hukohuko akanisahihisha: ile ni merikebu, si meli. Akaongeza kuwa sisi wa Mwanza tuna wavuvi tu, mabaharia hatuna, maana ziwa si bahari. Ni kweli?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba. Binamu yako kapata moja, kakosa moja.

Merikebu limetoka kwenye Kiarabu, "markab". Meli lilifuata baadaye sana, kutoka neno la Kiingereza "mail", yaani barua za posta, enzi za vyombo vya mvuke vilivyozibeba. Mwaka 1697, basi, hakuna aliyesimama pwani ya Mombasa akasema "meli". Ukiandika historia, merikebu humletea msomaji milingoti na matanga papo hapo. Hata hivyo, maana ya meli imepanuka. Aliyesema "meli ya Wareno" hakukosea, binamu asikutishe. Tena ukienda bandarini Mwanza ukauliza merikebu ya Bukoba inaondoka saa ngapi, watadhani unamtafuta nabii Yona.

Asili hiyo ya posta mnayo hapo hapo nyumbani. MV Victoria, inayokwenda Bukoba, ilipoanza kazi mwaka 1961 iliitwa RMS Victoria, na ile M ilikuwa ya barua. Iliundwa Uskoti, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na reli hadi Kisumu, ikaunganishwa upya.

Kuhusu baharia: ni kweli neno limezaliwa na bahari, lakini linataja kazi, halitaji chumvi. Anayeajiriwa melini, awe sitahani au kwenye injini, ni baharia, ziwani sawa na baharini. Mvuvi wa sangara au dagaa si baharia, na mvuvi wa Mombasa naye hawi baharia kwa kuwa tu maji yake ni ya chumvi. (Vijana wanaoitana "baharia" vijiweni Dodoma, kusiko na bahari wala ziwa, hao tuwaache.)

Hukuuliza, ila naliona sana kwenye barua za Kanda ya Ziwa: chombo cha kuvusha watu na magari ng'ambo, kama vya Kigongo na Busisi kabla ya daraja, ni kivuko. Basi kivuko kimejaa, meli imejaa. "Kivuko imejaa" hapana.