Usiandike majina ya ndugu zako penye Zaburi 109

Dada yangu, karatasi hiyo ichane leo. Umesema kaka zako wamekufungia parseli, yaani kiwanja, ya marehemu baba yenu huko Kadutu, na kwamba mhubiri amekuagiza uandike majina yao, uyaweke ndani ya Biblia penye Zaburi 109 na kuyasomea usiku kucha. Sasa unauliza kama hayo ni maombi, na kama ukubali kuuza fungu lako.

Mimi nilipewa agizo hilohilo hapa Bukavu, tulipogombania nyumba ya wazazi, nikalifuata. Mtoto wa mdogo wangu, aliyetumwa kuniletea makaa, aliikuta Biblia iko wazi mezani, akaona jina la baba yake kwa kalamu nyekundu kando ya mstari wa 9, ule unaoomba wana wa mtu wawe yatima na mkewe awe mjane. Aliusoma kwa sauti, akaniuliza yatima huyo ni nani. Nyumba ilikuja kugawanywa mbele ya wazee, lakini mdogo wangu hajakanyaga kwangu tena, na hata kwenye matanga ya mama alikaa upande wa pili wa ua.

Mhubiri yule alipokea sadaka yangu bila kuniuliza hata mara moja kama nimezungumza na ndugu yangu. Alinifundisha laana, akauruka mstari wa 4, ambapo mtunga zaburi anasema kwamba hao maadui zake aliwapa upendo. Hasira yangu juu yake haijaisha.

Fungua 1 Samweli 30. Waamaleki wameuteketeza Siklagi, mji alikokaa Daudi, na kuchukua wake na watoto, na watu wa Daudi mwenyewe wanasema apigwe mawe. Hao wanaotaka kumwua wanalia msiba uleule anaoulia yeye, kama vile kaka zako walivyofiwa na baba yuleyule. Daudi hawalaani, anajitia nguvu katika Bwana, anamwomba kuhani Abiathari amletee efodi, vazi la kikuhani, anamwuliza Mungu kwanza ndipo anakwenda. Kila kitu kinarudi, na wengine walipotaka kuwanyima fungu wale 200 waliochoka kwenye kijito cha Besori, Daudi aliwaambia hao wanyimaji "ndugu zangu", akaamuru wote wagawane sawasawa.

Soma mlango huo usiku, badala ya ile zaburi. Kisha mwendee kaka yako mkubwa, wewe na yeye peke yenu, kama Mathayo 18:15 inavyoagiza, kabla hujawaita wazee.