"Hakuna Maziwa Hapo, Dada"

SWALI: Shikamoo shangazi. Nina miaka 31 na ninafanya kazi katikati ya jiji la Nairobi, karibu na Barabara ya Moi. Mwaka jana daktari aliniambia kwamba tumbo langu halipatani na laktosi, ile sukari iliyomo kwenye maziwa. Kabla ya hapo nilikuwa nimetibiwa amiba mara tatu. Nyumbani niliacha maziwa na nikapata nafuu. Shida ni chakula cha mchana. Jumanne iliyopita nilikula ugali, managu (mnavu) na samaki wa kukaanga katika hoteli tuliyoizoea. Nilimuuliza weita kama kuna maziwa, akanijibu, "Hakuna maziwa hapo, dada." Kufikia saa nane na nusu nilikuwa chooni, na mkutano ulikuwa unaanza saa tisa. Wenzangu sasa wanadhani ninaringa kwa kuulizauliza. Je, nibebe chakula kutoka nyumbani maisha yangu yote?
Msomaji, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu huyo aliyekujibu angeweza kuwa mimi.

Nilipika katika hoteli za jijini kwa miaka 14. Sijui ni mara ngapi nilipaza sauti kutoka jikoni, "Hakuna maziwa!", ilhali sufuria ya managu mbele yangu ilikuwa imejaa krimu. Sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Jikoni kwetu maziwa yalikuwa kitu cha kwenye pakiti, kinachokwenda kwenye birika la chai. Krimu iliitwa krimu, mala iliitwa mala, siagi iliitwa siagi. Ukiniuliza habari za maziwa, akili yangu ilikwenda kwenye chai. Kisha siku moja mteja wetu wa kila siku, mzee mmoja fundi wa saa, alirudi jioni akiwa amekunjamana uso, akaomba aonyeshwe nilichotia kwenye mboga. Nilipomwonyesha, aliniambia polepole, "Mama, lakini nilikuuliza." Mpaka leo maneno yale yananiuma.

Kwa hivyo badilisha swali lako. Usiseme "Kuna maziwa?" Sema, "Hii mboga mmeitia nini?" Halafu nyamaza, umwache ataje mwenyewe. Swali la kwanza hujibiwa kwa ndiyo au la, na mtu aliyebeba sahani sita mkononi atakupa la kwa haraka. Swali la pili humlazimu arudi jikoni kuuliza, au amwite mpishi. Akishataja, malizia kwa kuvitamka vile ambavyo watu hawavihesabu: krimu, mala, siagi, maziwa ya unga. Na umwambie wazi, "Nikila hivyo naugua." Ukisema "sipendi maziwa" atakuona mtu wa kuchagua vyakula, naye atakujibu kwa kukisia tu.

Sasa nikwambie yanakojificha. Samaki wako sidhani ana hatia, ninashuku managu. Managu ni chungu, na wapishi wengi huitia maziwa au krimu ili kuvunja ule uchungu. Ni vivyo hivyo kwa saga, na mara nyingi kwa terere na kunde. Wanaopika kwa desturi ya magharibi mwa Kenya huitia mboga maziwa leo, kesho wakiipasha wanaongeza mengine, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyonoga. Ni chakula kizuri sana, nami nimekipika kwa fahari, ila kwako mboga ya siku ya tatu inaweza kuwa na maziwa mengi kuliko unavyodhani. Omena pia hupikwa hivyo, hata samaki wa mchuzi, kwa hivyo usiwaamini kwa kuwa tu wametoka ziwani. Mukimo katika hoteli nyingi huongezwa maziwa au siagi ili ulainike. Mandazi hukandwa kwa maziwa, na chapati nyingine pia. Soseji nyingine huwa na maziwa ya unga, soma pakiti.

Ukialikwa Ngara au Parklands kwenye hoteli za Kihindi, fahamu kwamba nyama ya tikka hulazwa kwenye yogati kabla ya kuchomwa, na naan mara nyingi hukandwa kwa yogati au maziwa. Nyama ya biriani nayo kwa kawaida hulowekwa kwenye yogati. Hivi vyote vikifika mezani huwezi kuona wala kuonja maziwa, na weita atakuapia kwamba hayamo.

Kuna neno moja linalowachanganya wengi: watu husema "maziwa ya nazi". Hilo ni tui, na tui halina laktosi hata chembe. Kwa hivyo mbaazi za nazi, wali wa nazi na kuku wa kupaka wa kipwani ni marafiki zako, mradi mpishi hakuongeza krimu ili kuokoa nazi. Nimewaona wakifanya hivyo bei ya nazi ikipanda. Uliza.

Jambo jingine ambalo wateja hawalijui: katika hoteli nyingi mboga huchemshwa asubuhi kwa wingi, halafu hukaangwa kidogo kidogo wateja wanapoingia. Maziwa hutiwa wakati wa kukaanga. Ukifika saa sita kasoro, kabla ya msongamano wa saa saba, mwombe mpishi akukaangie fungu lako kwa kitunguu na nyanya tu. Ni dakika tano. Mimi sikuwahi kumkatalia mtu aliyeniomba saa hiyo. Saa saba na nusu nisingemsikia hata kidogo. Na kusema kweli, ningekuwa wewe ningependelea kibanda kuliko hoteli kubwa. Pale kibandani mama aliyepika ndiye anayepakua. Akikwambia alichotia, anasema alichokifanya kwa mikono yake. Zoeana na mmoja, mwambie mara moja, na kufikia wiki ya pili atakuwa anakuwekea mboga yako kando.

Siku ambayo huna nguvu za kuhoji mtu, kula ugali, nyama choma na kachumbari. Pale Kenyatta Market au soko la Burma nyama huchomwa kwa chumvi tu. Githeri ya kawaida nayo haina neno. Chai agiza strungi, ile isiyotiwa maziwa.

Usijitese pia kuliko inavyohitajika. Watu wengi wenye hali yako huvumilia takriban gramu 12 za laktosi kwa mara moja, kama kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Wengine hushindwa na kiasi kidogo zaidi, kwa hivyo jipime mwenyewe. Samli haina laktosi ya kukusumbua. Kwenye maduka ya dawa waweza pia kuulizia vidonge vya laktezi, kile kimeng'enya kinachokupungukia. Humezwa pamoja na tonge la kwanza. Na ili mifupa yako isikose kalisi, kula omena nzima na miiba yake, ya kukaanga.

Kuhusu wenzako, mwambie mmoja tu unayemwamini ukweli wote, pamoja na habari ya chooni. Atakutetea mezani kuliko utakavyojitetea.

Lakini ukianza kuona damu kwenye choo, kupungua uzito au homa, hayo si ya laktosi. Rudi kwa daktari. Na midomo ikivimba, ngozi ikitoka vipele au pumzi ikibana baada ya kula, hiyo ni dalili ya mzio, huenda wa protini ya maziwa, jambo jingine kabisa. Hapo kimbilia hospitali saa ileile, na hata tone usijaribu.

SWALI: Shangazi, nasikia maziwa ya ngamia hayasumbui tumbo. Hapa Eastleigh yanauzwa kila mahali, na jirani yangu hunywa nusu lita kila asubuhi bila shida. Mimi maziwa ya ng'ombe hunijaza gesi. Nijaribu?
Msomaji, Eastleigh

JIBU: Maziwa ya ngamia yana laktosi, na ya mbuzi pia. Jirani yako huenda amerithi tumbo tofauti na lako. Mwaka 2007 watafiti wakiongozwa na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba baadhi ya watu wa Kenya, Tanzania na Sudan, hasa wa jamii za wafugaji, wana mabadiliko ya jeni yanayoufanya mwili uendelee kutengeneza laktezi hata ukubwani. Wengi wetu wengine hupungukiwa nayo baada ya kuacha kunyonya. Ukitamani sana, anza na yaliyochachushwa, kwa sababu bakteria huwa wamekula sehemu ya ile sukari. Mala na mursik, yale maziwa ya kuchacha ya Wakalenjini, huwafaa wengi kwa sababu hiyohiyo. Kunywa robo kikombe baada ya chakula, nyumbani, siku ambayo huna safari ya matatu.