Mwanangu, Neno Lina Mlango Wake

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza peke yangu na ya pili baba yako akisikiliza. Unaniuliza kwa nini rap ya maneno ya aibu yenye kuchekesha inakupendeza mpaka sasa, mtu mzima mwenye mke na watoto, na kama kupendezwa huko ni dalili kwamba malezi yako yalilegea mahali. Malezi yako nayajua, kwani niliyafanya mimi. Ila swali lako limenirudisha Kibokoni, mtaa wetu wa Mombasa, mwaka 1974, na huko ndiko nitakakoanzia.

Unaijua nyumba ya babangu ilivyokaa: daka mbele, kisha sabule, kisha vyumba, na ua nyuma. Usiku wa arusi ya shangazi yangu wanawake walijifungia uani, wakajifunga leso viunoni, vumi na chapuo zikaanza, na nyanyangu, ambaye wewe ulimkuta amekwisha pofuka na tasbihi haimtoki mkononi, akasimama katikati kuongoza chakacha. Nilikuwa na miaka 12, nimejificha nyuma ya mtungi. Aliimba habari za mchi uliojisifia urefu wake mji mzima, ukatamba mbele ya kila kinu, na siku ulipoitwa kazini ukaomba upumzike kwanza. Wanawake walicheka hata wengine wakakaa chini. Hakutaja kitu hata kimoja kwa jina lake, na hapakuwa na aliyehitaji kutajiwa. Mpaka leo nikikumbuka alivyonyamaza kabla ya neno la mwisho la ubeti, akiwatazama mmoja mmoja, mimi hucheka peke yangu jikoni.

Kwa hiyo usidhani kwamba sikuelewi. Kinachokuvuta wewe ndicho kilichonivuta mimi: majigambo yaliyopita kiasi hata anayejigamba akageuka kichekesho, vina vinavyokufikisha ukingoni mwa neno la aibu, na raha ya kusikia likisemwa wazi jambo ambalo wote wanalijua na wote wanalinyamazia. Ile kesi uliyonisimulia Idi iliyopita, ya kundi la rap la 2 Live Crew la Miami, haijanitoka akilini. Mwaka 1990 jaji wa Florida aliamua kwamba albamu yao ni uchafu mbele ya sheria, wakakamatwa kwa kuimba nyimbo zao katika klabu ya watu wazima, na walipofikishwa mahakamani wazee wa baraza wakamwomba hakimu ruhusa ya kucheka, kwa kuwa kujizuia kumewashinda. Profesa Henry Louis Gates aliwatetea, akaeleza kwamba mzaha wa namna ile una mizizi ya zamani miongoni mwa Wamarekani weusi. Wakaachiliwa, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi juu ya albamu. Uliponisimulia hayo nilimwona nyanyangu kizimbani.

Lakini mimi siku zote nimesema, neno lina mlango wake. Siku ya nne baada ya arusi ile, babangu alikaa dakani na wageni baada ya sala ya Alasiri, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa miongoni mwao. Nikatumwa kupeleka kahawa. Nilikuwa na furaha bado, na ule wimbo wa mchi ulikuwa mdomoni tangu asubuhi, basi nikauimba huku nikimimina. Vikombe vilitulia. Babangu hakunipiga wala hakupaza sauti, aliniuliza tu, "Nani kakufundisha?" Nami nikajibu, "Nyanya."

Sikujua ninachokifanya. Jioni ile nilimsikia babangu akisema na mamake kwa sauti ya chini, na tangu hapo nyanyangu hakuimba tena nilipokuwapo. Hata usiku wa arusi yangu mwenyewe, nilipokuwa na haki ya kuusikia wimbo ule mwanzo hadi mwisho, aliniombea dua, akanifukiza udi, akaondoka.

Ndiyo maana nasema mlango, wala sisemi uchafu. Hata hao kina 2 Live Crew walitoa toleo la pili la albamu hiyo hiyo lililosafishwa maneno, kwa hiyo mlango waliujua. Simu haina mlango. Vijana wa gengetone, ile rap ya mitaani hapa Kenya, huficha maana ndani ya Sheng, na huo nao ni mlango wa aina yake, ingawa watoto ndio walioshika ufunguo na sisi wazee tumebaki nje.

Hata hivyo, nikiendelea kuandika naona labda mlango si jibu lote. Katika wimbo wa nyanyangu aliyechekwa ni mchi, na waliocheka ni wanawake waliokuwa wakiijua michi ya nyumbani kwao. Katika nyingi ya nyimbo za rap ulizonisikilizisha, mwanamke anatajwa kiungo kimoja kimoja na hapewi kinywa cha kujibu. Hizo hazinichekeshi, hata zikiimbwa nyuma ya milango saba. Kisha nakumbuka ile moja ambamo msichana anamjibu mwenye majigambo mpaka anakosa la kusema, na niliicheka hadi baba yako akaja kuuliza kuna nini. Neno lina mlango wake, naam, lakini pia lina mtu linayemwangukia, na sijui kipi nikitangulize.

Ungeniuliza kama uzime redio ya gari binti yako anapokuwamo, ningekujibu katika mstari wa kwanza. Hukuniuliza, nami nimejilazimisha kunyamaza, na unajua inavyonigharimu.

Wimbo ule ulikuwa na beti tatu. Ninazo mbili, kwa sababu wakati wa ule wa tatu mtu alinigundua nyuma ya mtungi akanitoa uani, na mwenye nao tulimzika Sarigoi. Ukija Idi, watoto wakishalala na mlango ukishafungwa, nitakuimbia hizo mbili.

Mamako