Kubana pumzi kwa sekunde 10 si kipimo cha mapafu
Kuna dai kwamba anayeweza kubana pumzi kwa sekunde 10 bila kukohoa ana mapafu mazima. Hapana, kumaliza sekunde hizo hakuthibitishi hivyo, na Shirika la Afya Duniani lilikwisha kukanusha dai hilo wakati wa UVIKO-19. Kipimo halisi ni spirometri, ambapo mtu huvuta hewa hadi mapafu yajae, kisha huipuliza kwa nguvu zote ndani ya mashine mpaka iishe. Iwapo hewa ya sekunde ya kwanza haifikii asilimia 70 ya yote aliyopuliza, hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, daktari hushuku kwamba njia hizo zimeziba kwa ugonjwa sugu. Mwenye pumu, hata hivyo, anaweza kupata majibu mazuri siku asiyobanwa, kwa hiyo tafadhali asiache dawa kwa sababu hiyo.