Siti yako usiiachie: jibu kwa mdogo wangu anayesafiri saa 13

Juzi nimepata ujumbe wa binti mmoja. Ana nafasi ya masomo ng'ambo, safari ya saa 13 angani, daraja la kawaida, na hajawahi kukaa kwenye ndege zaidi ya saa 2. "Dada, nitavumiliaje?" Nilianza kumjibu mistari mitatu, nikajikuta nimejaza ukurasa. Nikaona bora niwaandikie wote, maana najua wengi wenu mnapigania hayo hayo: masomo, kazi, mikutano ya mbali, na hakuna anayetulipia daraja la biashara.

Ujumbe wake umenikuta nimetoka safari ya saa 15 wiki iliyopita. Nilitua saa 1 asubuhi. Saa 8 mchana nilikuwa nimesimama mbele ya watu naeleza mradi wangu, dakika 40, sauti imetulia, miguu haijavimba. Mradi umepita. Nalisema kwa fahari, kwa sababu miaka 5 iliyopita safari kama hiyo ilininyang'anya kitu ambacho mpaka leo sijakisahau.

Nilikuwa naenda kwenye usaili wa kazi niliyoitamani tangu chuoni. Siti ya njiani, ile iliyo kando ya njia ya kupita, nilikuwa nimeichagua mapema. Nimekaa, nimeshafunga mkanda, bwana mmoja akanijia: "Naomba tubadilishane, nikae na mke wangu." Sikumwuliza yake iko wapi. Nimelelewa hivyo, mtu mzima akiomba unaitikia kwanza. Nikabeba begi langu, nikaifuata namba aliyonipa, nikapita mistari, nikapita, mpaka nikafika ukutani. Siti ya kati, mstari wa mwisho, na nyuma ya ukuta choo. Mgongo wa siti haukulala hata kidogo.

Saa 14. Kushoto kwangu kijana alisinzia kabla ndege haijatulia angani, na kulia kwangu alikuwa mama mtu mzima aliyejifunika shuka mpaka kidevuni. Niliona haya kuwaamsha. Nikafanya kosa ambalo watu wengi hulifanya kwa heshima: niliacha kunywa maji ili nisihitaji kwenda chooni. Kwa saa 9 sikunyanyuka. Kila choo kilipovutwa maji, mngurumo wake niliusikia mgongoni.

Tulipotua, viatu havikuingia. Nilishuka nimevikanyaga visigino. Kwenye mkanda wa mizigo yule bwana alipita na mkewe, nyuso zao za watu waliolala, wala hakunitazama. Sikutaka makubwa. Neno moja tu la asante lingenitosha.

Kesho yake mbele ya wasaili 5 niliulizwa jambo nililolifanyia kazi miaka 3, na maneno yakanikimbia. Niliwaona wakitazamana. Nafasi akapewa mwingine. Najua wapo watakaosema huenda ningeikosa hata kama ningelala. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye kile chumba. Najua nilichokuwa nacho kichwani nikashindwa kukitoa.

Siku ya tatu, nyama ya nyuma ya mguu wa kushoto ikaanza kuuma. Daktari alinipima, damu haikuwa imeganda, namshukuru Mungu. Lakini alinikalisha chini akanieleza, na maelezo yake ndiyo yaliyobadilisha safari zangu zote. Ukikaa muda mrefu umekunja magoti, misuli ya mguu haifanyi kazi yake ya kuisukuma damu irudi juu. Damu ikituama inaweza kuganda ndani ya mshipa, na bonge likisafiri mpaka kwenye mapafu linaua. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007: kusafiri umekaa kwa saa 4 au zaidi huongeza hatari hiyo karibu mara 2, iwe kwa ndege, basi, treni au gari. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Ila mjamzito, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, au aliyewahi kuganda damu, amwone daktari kabla hajapanda ndege.

Kwa hiyo mdogo wangu, siti ndiyo safari yenyewe. Kata ushauri wangu wote, huo mmoja ubaki.

Angalia kwanza ni ndege ya aina gani, mara nyingi imeandikwa kwenye tiketi. Boeing 787 na Airbus A350 kwa kawaida hupangwa siti 3, 3 na 3, yaani kushoto, katikati na kulia. Airbus A330 ni 2, 4 na 2. Boeing 777 siku hizi mara nyingi ni 3, 4 na 3, na hapo ndipo mabega hugusana. Mimi huchukua siti ya njiani ya safu ya katikati. Sababu ni hii: ukikaa njiani upande wa madirisha wenye siti 3, watu 2 wako ndani yako na wote watakuamsha wakitaka kutoka. Kwenye safu ya katikati yuko mmoja tu, na kama safu ni ya siti 3, huyo naye ana njia mbili za kutokea. Tofauti hiyo ndogo ni usingizi wa saa 2.

Mstari wa mlango wa dharura watu wanaugombania kwa ajili ya miguu. Una nafasi, kweli, lakini meza hukunjwa ndani ya mkono wa siti kwa hiyo mkono haunyanyuki, na begi lote linapanda juu wakati wa kuruka na kutua. Mistari ya mbele yenye ukuta ndiko hufungwa vitanda vya watoto wachanga. Mstari wa mwisho nimeshausimulia.

Hewa nayo. Ndani ya ndege unapumua kana kwamba umekaa mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na unyevu wa hewa hushuka chini ya asilimia 20. Ndiyo maana koo hukauka, midomo hupasuka, chakula hupoteza ladha na tumbo hujaa, kwa kuwa gesi hutanuka huko juu. Soda ziache. Beba chupa tupu, upite nayo kwenye ukaguzi, uijaze ndani. Kunywa maji kidogo kidogo, na ukihisi haja nenda. Waamshe majirani. Watalala tena.

Mimi huvaa soksi za kubana zinazofika chini ya goti tangu nyumbani. Kila baada ya saa 1 au 2 natembea mpaka nyuma na kurudi, na nikiwa nimekaa nazungusha vifundo vya miguu. Chakula maalumu huagizwa mapema, mara nyingi saa 24 kabla, na huletwa kwanza, ukamaliza ukalala wenzako wakiwa bado wanasubiri. Saa yangu naigeuza ifuate ninakokwenda mara tu ninapokaa. Ukielekea mashariki mwili huchelewa zaidi kuzoea, basi jilazimishe kulala kule kunapokuwa usiku.

Wiki iliyopita niliombwa tena. Mama mmoja na shoga yake walitaka kukaa pamoja, na siti yake ilikuwa ya kati, mistari 12 nyuma. Moyo ulinidunda kama mwizi. Nikasema, "Samahani mama, hii niliichagua, nina kazi nikishuka." Alinuna. Mimi nililala saa 6. Mtoto akitenganishwa na mama yake nitainuka bila kuombwa mara ya pili, hilo sina mjadala nalo. Lakini watu wazima wawili wanaotaka kupiga soga wana maisha yao yote ya kupiga soga, na wewe una usaili mmoja. Tumefundishwa upole mpaka tukasahau kwamba na sisi tumelipa, na sisi tunasubiriwa mahali. Sema hapana kwa adabu, mara moja, ukae kimya. Usijieleze. Ukijieleza sana utashindwa.

Kuhusu hofu yako ya saa 13, Machi 2018 ilianza safari ya ndege kutoka Perth, Australia, hadi London bila kutua, kama saa 17, na humo daraja la kawaida limo. Watu wanashuka wakiwa wazima.

Umeniambia unaondoka Ijumaa saa 4 usiku. Mashirika mengi hufungua usajili wa mtandaoni, ambako unachagua siti, saa 24 kabla, mengine saa 48, kwa hiyo leo hakikisha lako ni lipi. Kama ni 24, Alhamisi saa 4 kasorobo usiku uwe umeshika simu yenye chaji, tiketi na pasipoti mbele yako. Njiani, safu ya katikati. Ukishaipata niandikie.