Pasipoti mbili mkononi, ukifika kaunta unatoa ipi?

Wiki hii barua nyingi zimetoka kusini, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: mtu ana uraia wa nchi mbili, ndege inasimama nchi ya tatu, je viza inahitajika au haihitajiki? Nimechagua tatu.

Bibi wa Mikindani anauliza: Hujambo mwanangu. Nina mjukuu wa miaka 16, kazaliwa Kanada, baba yake mtu wa huko, mama yake ndo binti yangu. Ana pasipoti ya Kanada na ya Tanzania. Alikuja likizo, sasa anarudi kwa wazazi wake, Dar, Nairobi, London mpaka Toronto, tiketi moja. Jirani kasema Mtanzania hapiti London bila viza hata kama hatoki nje ya uwanja. Viza hiyo hatuna na usingizi sipati. Tufanyeje?

Jibu: Shikamoo bibi. Jirani yako hajakosea, Tanzania kweli imo kwenye orodha ya Waingereza ya nchi ambazo raia wake anatakiwa kuwa na viza hata ya kupita tu ndani ya eyapoti, isipokuwa awe na kitu kama viza hai ya Marekani au Kanada. Ila sheria hiyo inamhusu anayesafiri kwa pasipoti ya Tanzania, na mjukuu wako London atapita kama Mkanada. Mkanada anayebadilisha ndege Heathrow, uwanja mkubwa wa London, bila kupita uhamiaji hatakiwi viza wala kibali chochote. Akishuka afuate vibao vya rangi ya zambarau vya kuunganisha ndege, vitampeleka kwenye ukaguzi na basi la kwenda jengo jingine kama ndege yake iko huko, asifuate watu wanaokwenda kuchukua mabegi.

Sasa angalieni saa za kusubiri. Kama anafika jioni na ndege ya Toronto ni kesho yake anaweza kutakiwa atoke akalale nje, na akitoka anahitaji kile kibali cha mtandaoni wanachokiita ETA, Wakanada walianza kutakiwa kuwa nacho Januari 2025, na Aprili mwaka huo ada yake ilikuwa pauni 16. Kinaombwa kwa simu, na kiombwe kwa pasipoti ileile ya Kanada atakayosafiri nayo.

Bibi, kinachowakwamisha watu wa pasipoti mbili mara nyingi ni kaunta ya ndege hapa Dar kabla hata hawajapanda. Yule dada wa kaunta anaingiza pasipoti uliyompa kwenye mfumo, mfumo unamwambia huyu anahitaji nini huku na kule, na shirika likimpakia mtu asiyeruhusiwa kuingia linapigwa faini na kumrudisha kwa gharama yake, ndo maana hawabembelezeki. Kijana akitoa ya Tanzania peke yake dada ataona hakuna viza ya London wala ya Kanada, atamwambia kaa pembeni. Kwa hiyo kaunta ya ndege anatoa ya Kanada. Akisogea dirisha la uhamiaji anatoa ile aliyoingilia nchini, fungueni muone muhuri wa kuingia uko kwenye kitabu gani. Kama ni ya Tanzania atoke na ya Tanzania, na hiyo ya Kanada asiifiche, afisa akiuliza viza ya unakokwenda iko wapi anamwonyesha. Umri wake sheria yetu inamruhusu kuwa nazo zote, atatakiwa kuchagua akifika miaka 18.

Na leo hii, kabla hujalala, mwambie akuletee hiyo pasipoti ya Kanada uangalie mwisho wake. Za watoto chini ya miaka 16 wanazitoa kwa miaka 5 tu na zinaisha watu hawana habari. Kanada tangu Novemba 2016 inataka raia wake wenye uraia wa nchi mbili wapande ndege kwa pasipoti hai ya Kanada, kwahiyo kama imeisha kimbilieni ubalozi wao Dar mapema, msisubiri wiki ya safari, maana kutoka Mtwara kwenda na kurudi nayo ni safari. Wazazi wote wawili waandike na barua ya ridhaa, anasafiri peke yake na bado mtoto.

Mfanyabiashara wa korosho, Mtwara mjini: Mimi Mmakonde wa Msumbiji, nina na uraia wa Ureno. Naishi hapa kwa kibali kwenye pasipoti ya Msumbiji. Nimepata tiketi ya bei poa Dar–Dubai, halafu nyingine tofauti Dubai–Lisbon. Si napita tu, viza ya nini?

Jibu: Kaka, tiketi zako mbili hazijuani. Begi lako litaishia Dubai, litatoka kwenye mkanda, na mkanda uko ng'ambo ya uhamiaji, kwa hiyo wewe hupiti tu, unaingia nchi ya watu. Kwa pasipoti ya Msumbiji utahitaji viza. Kwa ya Ureno unaingia bila viza hadi siku 90. Bukia zote mbili kwa ya Ureno, na jina liwe vilevile lilivyo kwenye kitabu hicho, maana Wareno wanapanga majina marefu, kuna ambao jina la pili kwenye kitabu kimoja halipo kwenye kingine na hapo kaunta hapapitiki. Uhamiaji Dar unatoka na ya Msumbiji sababu kibali chako kimo humo. Ukirudi uingie nayo hiyohiyo.

Kama ungepita Frankfurt au Amsterdam tungeongea mengine. Kule kwenye eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, kuna orodha ya pamoja ya nchi 12 ambazo raia wake wanahitaji viza hata ya kukaa ndani ya uwanja, Kongo ya Kinshasa na Ethiopia zimo, Tanzania na Msumbiji hazimo, ingawa nchi mojamoja huongeza za kwao. Ila ukishuka Frankfurt ukapanda ya Lisbon tayari umeingia Schengen pale Frankfurt, sio Lisbon, na pasipoti ya Ureno unaitoa palepale. Marekani ndo usijaribu kabisa kusema napita tu, kule kila anayeshuka anapita uhamiaji hata kama ndege inayofuata ni baada ya saa mbili, mgeni awe na viza au kibali chao, na raia wao anaingia na kutoka kwa pasipoti ya Marekani.

Dada wa Nachingwea: Dada yangu kachukua uraia wa Marekani mwaka juzi, pasipoti yake ya Tanzania haijaisha muda. Anataka kuja kwenye harusi akitumia ya Kimarekani njiani na ya Tanzania akishuka, aokoe dola 100 za viza.

Jibu: Asifanye hivyo, namwomba. Mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, kwa sheria yetu uraia wa Tanzania umeondoka, hata kama kitabu bado kina miaka. Kukitumia ni kosa, na kukamatwa eyapoti ndugu wanakusubiri nje na maturubai yameshafungwa nyumbani ni maumivu makubwa. Alipe hiyo viza ya mtandaoni, Wamarekani wanapewa ya kuingia mara nyingi kwa mwaka. Aulizie ubalozini na ile hadhi maalumu ya wenye asili ya Tanzania. Na kama ndege yake inasimama Nairobi au Addis zaidi ya saa 12 abebe kadi ya homa ya manjano, wanaiulizia akitua.