Wakifyeka matete mtoni, bomba lako la Mwanza linahusikaje?

Mkuu umeuliza: sisi tunakunywa maji ya ziwa, na ziwa haliishi, sasa matete na mafunjo ya kingoni yakifyekwa bomba linakaukaje? Ni kweli ziwa haliishi. Kinachoisha ni uwezo wa mtambo wa kulisafisha.

Mvua za masika zikikuta kingo tupu, zimelimwa mchicha au kuchimbwa udongo wa matofali, tope lote linateremka na Mto Mirongo unaopita mjini Mwanza, na kule Magu na Simiyu, hadi ziwani. Penye matete maji hupita kwa kujipenyeza, yanapunguza mwendo, mchanga unatuama hapo hapo, na mizizi inanyonya mbolea ya mashambani. Yakiondoka, mbolea hiyo inakwenda kulisha mwani na magugu maji.

Mtamboni sasa. Maji yakichafuka, kipimo cha jana cha shabu, dawa ya kugandisha tope, hakifai leo. Inabidi kujaza vyombo vya lita moja moja, kuweka shabu miligramu 10, 20, 30, 40, kukoroga kwa kasi dakika 1, taratibu dakika 15, kisha kuacha nusu saa uone kipi kimetakata. Shabu ikipungua, tope linaziba chujio. Ikizidi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) inashuka na madonge ya tope hayashikani. Mwani ndio msumbufu zaidi: mwepesi, hautuami, na mchana hupandisha pH, klorini nayo ikadhoofika. Chujio linaanza kuoshwa mara mbili, tatu kwa siku, tena kwa maji yaliyokwisha safishwa, yale yale yaliyotakiwa kupanda tenki la mlimani. Ndiyo maana bomba la kwanza kupuliza hewa ni la wakazi wa milimani.

Kwa wenye chemchemi, ipimeni mwishoni mwa kiangazi, kila mwaka wakati ule ule. Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, hiyo ni nusu lita kwa sekunde, sawa na lita 43,200 kwa siku. Ikianza kuchukua sekunde 60, angalieni kama kuna mikaratusi jirani, maana hunyonya maji mengi. Kuikata tu hakutoshi, kisiki huchipua. Rudieni machipukizi kila miezi michache. Juu ya jicho la chemchemi chimbeni mtaro wa kukinga maji ya mvua, umbali wa mita 8 hadi 10, na ng'ombe wabaki nje ya uzio. Mkuyu ni mzuri, ila msiupande karibu na kisanduku cha saruji kinachokinga maji ya chemchemi, mizizi itakipasua.

Kurudisha ukingo: chukua vipande vya mizizi ya matete vyenye chipukizi, sentimita 30 hivi, panda kila nusu mita, mistari mitatu iliyopishana. Panda Mei mwishoni, mto ukishuka. Wengi hupanda Machi, mafuriko yanaondoka na kila kitu halafu wanasema matete hayashiki. Ukingo ukiwa mkali, juu weka vetiva, nyasi za kushika udongo, shina kila sentimita 15.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mirongo mjini nyumba zimeshaingia humo, kwa hiyo anzeni juu ya mto, ambako ukingo bado upo.